Kilindini kuna dhahabu, na kuna watu

Nianze na swali la kisheria, ingawa mimi si mwanasheria. Umekaa melini, kikombe cha kahawa mkononi, unatazama televisheni. Kwenye kioo unaona rundo la sarafu za dhahabu zimelala kwenye matope, mita 2,200 chini yako, mahali ambapo hakuna mpiga mbizi aliyewahi kufika wala atakayefika. Je, dhahabu hiyo unaishika? Iko mikononi mwako, au unaiangalia tu kama unavyoangalia taarifa ya habari?

Swali hili si la kubuni. Lilifika mahakamani kweli, katika mji wa Norfolk, jimbo la Virginia, nchini Marekani. Na mwaka 1989 jaji alijibu kwamba ndiyo, iko mikononi mwako, hata kama mikono yenyewe ni ya chuma na imefungwa kwenye roboti.

Nimekuwa nikisoma habari za kisa hiki kwa siku kadhaa sasa, na kila nikidhani nimekimaliza kinanirudisha kwenye jambo moja. Nitalisema mwishoni. Kwanza tukitazame kisa chenyewe, kwa sababu ni kitamu na ni cha kuhuzunisha kwa pamoja.

Turudi mwaka 1857. Dhahabu ilikuwa imeonekana California tangu 1848, na watu walikuwa wamemiminika huko kutoka kila pembe ya dunia. Wengi walirudi mikono mitupu, lakini wapo waliopata. Tatizo likawa ni namna ya kurudi nyumbani na walichopata. Reli ya kukatiza bara la Marekani ilikuwa bado haijajengwa. Kwa hiyo aliyetaka kutoka San Francisco kwenda New York alipanda meli hadi Panama, akavuka kile kipande chembamba cha nchi kavu kwa treni (reli hiyo ilifunguliwa 1855), kisha akapanda meli nyingine upande wa Atlantiki.

Meli iliyokuwa ikingoja upande wa pili safari hii iliitwa SS Central America. Ilikuwa ya mbao, yenye urefu wa mita 85 hivi, milingoti mitatu ya tanga, na magurudumu mawili makubwa ya makasia ubavuni yaliyozungushwa na mvuke. Ilishushwa majini mwaka 1852 kwa jina la George Law, na ni mwaka huo wa 1857 ndipo ilipobadilishwa jina. Nahodha wake, William Lewis Herndon, alikuwa afisa wa jeshi la majini aliyejipatia sifa kwa kusafiri kutoka Peru kuufuata mto Amazon hadi baharini. Hakuwa mtu wa kutishwa na maji.

Meli iliondoka Panama tarehe 3 Septemba, ikapita Havana, Cuba, na kuondoka hapo tarehe 8. Ndani walikuwemo watu 578, abiria 477 na mabaharia 101. Pia kulikuwa na shehena ya dhahabu ya wafanyabiashara na mabenki, iliyothaminiwa kati ya dola milioni 1.2 na 1.6 kwa bei ya wakati ule. Ukipiga hesabu kwa bei ya dhahabu ya enzi hizo ni kama tani mbili. Hapo hujahesabu ya abiria wenyewe, waliyoifunga mikandani, kwenye mifuko na kwenye masanduku.

Siku iliyofuata upepo ulianza. Kufikia Ijumaa tarehe 11 meli ilikuwa katikati ya kimbunga na maji yalikuwa yanaingia. Hapa ndipo unapoona udhaifu wa meli ya mvuke. Maji yakiingia, makaa ya mawe yanalowa na moto unafifia. Moto ukififia, pampu za kutoa maji zinasimama, na pampu zikisimama maji yanazidi kuingia. Mchana huo moto ukazimika kabisa. Central America ikawa gogo tu linalosukumwa na mawimbi.

Herndon akawapanga wanaume katika mistari wakawa wanapokezana ndoo, kutoka chini hadi sitahani, usiku kucha hadi siku ya pili. Bendera ikapandishwa juu chini, ishara ya kuomba msaada. Jumamosi mchana ikatokea meli ya tanga iitwayo Marine, nayo imejeruhiwa na dhoruba ile ile. Mitumbwi michache iliyosalia ikawavusha wanawake na watoto, na baadhi ya wanaume. Walifika watu kama 100. Walionusurika walisimulia mambo yaliyotokea masaa yale ya mwisho. Watu waliotoa jasho miaka mingi migodini walimwaga dhahabu yao sakafuni, mwenye kutaka achukue, na hakuna aliyeinama kuiokota. Uzito wa dhahabu kiunoni ungemzamisha mtu haraka zaidi.

Saa mbili usiku, meli ikazama. Herndon akazama nayo.

Wanaume wengi walibaki wakielea gizani, wameng'ang'ania vipande vya mbao. Usiku wa manane meli nyingine, Ellen, ikawafikia na kuwaokoa kama 50. Nahodha wake, Anders Johnsen, raia wa Norway, alisimulia baadaye kwamba ndege alimrukia usoni zaidi ya mara moja akiwa kwenye usukani, akaona hiyo ni ishara, akageuza mwelekeo. Baada ya muda akaanza kusikia sauti za watu majini. Uamini usiamini, ndivyo alivyosema. Wengine watatu waliokotwa siku tisa baadaye, kwenye chelezo.

Hesabu ya mwisho ikawa 153 walionusurika, 425 waliokufa.

Magazeti ya New York yaliandika habari hii kwa wiki kadhaa, na si kwa sababu ya vifo peke yake. Tarehe 24 Agosti, kabla meli haijaondoka Panama, kampuni kubwa ya fedha ya Ohio Life Insurance and Trust ilikuwa imeanguka, na mabenki yalikuwa tayari yamejaa hofu. Yalikuwa yakiisubiri dhahabu ile. Ilipozama, hofu ikaongezeka, na Oktoba mabenki ya New York yakaacha kulipa wateja kwa dhahabu. Wanahistoria wanaziita siku zile Hofu ya 1857. Kampuni za bima, nyingine za Marekani na nyingine za Uingereza, zililipa fidia kwa wenye shehena. Kumbuka hilo la bima, tutalirudia.

Kisha kimya. Miaka 131.

Kwa nini kimya? Kwa sababu ya kina. Sisi watu wa pwani tuna neno kilindi, na bandari ya Mombasa inaitwa Kilindini kwa sababu hiyo. Lakini Kilindini ya Mombasa ni dimbwi ukilinganisha na hapa. Mpiga mbizi wa kawaida mwenye mtungi wa hewa mgongoni ana ruhusa ya kwenda mita 40. Kwenye mita 2,200 kila sentimeta moja ya mraba ya chombo chako inabanwa na uzito wa kama kilo 220. Weka ukucha wa kidole gumba juu ya meza, halafu mwite mnene kuliko wote unaowajua na mwenzake wa unene huo, wasimame juu yake wote wawili. Na ni giza totoro, kwa sababu mwanga wa jua hukoma mapema sana, na maji ni baridi kama ya kwenye friji.

Ndiyo maana ilibidi kutafuta mtumishi asiyehitaji hewa. Roboti ya namna hii, nikiieleza kwa lugha ya mtaani, ni fremu ya chuma yenye kamera, taa, pangaboi za kuisukuma majini, na mikono yenye vidole vya kubania. Haina mtu ndani. Imeunganishwa na meli iliyo juu kwa kebo ndefu. Kebo hiyo inateremsha umeme na amri, na inapandisha picha. Rubani amekaa kwenye chumba chenye kiyoyozi melini, mkononi ana kidhibiti kama cha mchezo wa kompyuta. Kazi ngumu zaidi wala si ya rubani, ni ya meli yenyewe, ambayo lazima isimame mahali pamoja kama imepigwa msumari, mchana na usiku, huku upepo na mkondo vikiivuta. Ikihama, inaburuta roboti kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Mashine hizi zilianzia jeshini. Mwaka 1966 ndege ya Marekani iliyobeba mabomu ya nyuklia iligongana na nyingine juu ya Palomares, Hispania, na bomu moja likaangukia baharini. Roboti ya jeshi la majini iliyoitwa CURV ilitumwa kulichukua, kwenye kina cha zaidi ya mita 850. Ikanasa kwenye parachuti la bomu. Wakavuta vyote kwa pamoja, bomu na roboti yake! Baada ya hapo kampuni za mafuta zikaona faida, zikaanza kuzitumia kwenye visima vya baharini, na teknolojia ikakua haraka. Mwaka 1985 Wafaransa na Wamarekani waliipata Titanic kwenye kina cha mita 3,800 kwa kamera iliyoburutwa na meli, na mwaka 1986 roboti ndogo ya Jason Jr. ikachungulia ndani yake. Watu wengi duniani walijua wakati huo kwamba kilindi kimefunguka.

Mmoja aliyejua mapema alikuwa Tommy Thompson, mhandisi wa Ohio aliyekuwa akifanya kazi kwenye taasisi ya utafiti ya Battelle mjini Columbus. Mwaka 1985 yeye na wenzake, mwanajiolojia na mwandishi wa habari, walianzisha kundi lililoitwa Columbus-America Discovery Group. Wawekezaji 161 walichanga dola milioni 12.7. Wengi hawakuwa mabaharia. Walikuwa watu wa Columbus, mji ulio mbali kabisa na bahari.

Kwa mwandishi wa habari kama mimi, sehemu inayonivutia zaidi ni namna walivyoitafuta. Walianza na magazeti. Walikusanya simulizi za walionusurika zilizochapishwa 1857, wakazipanga saa kwa saa. Vipimo vya mahali pa ajali vilitokana na manahodha. Kimoja Herndon alikipitisha kwa meli ya El Dorado iliyopita karibu ikashindwa kusaidia. Kingine ni cha Ellen, kingine cha Marine. Vyote vilipingana, maana enzi hizo hakuna setilaiti, na katikati ya kimbunga hata jua la kupimia hulioni vizuri. Mtaalamu wa hisabati Lawrence Stone hakuchagua kimoja na kutupa vingine. Alivichukua vyote, akakipa kila kimoja uzito kulingana na uwezekano wake wa kuwa na makosa, akaongeza upepo na mkondo, na kompyuta ikachora ramani ya miraba. Kila mraba ulipewa namba ya kuonyesha uwezekano kwamba meli imelala hapo. Mwaka 1986 wakaburuta sona kwa siku 40, juu ya eneo la maili za mraba kama 1,400.

Kwa hiyo habari za magazeti ya mwaka 1857 ndizo zilizowaongoza mwaka 1988. Mwandishi mwenzangu unayedhani habari yako inaishia kufungia vitumbua, jipe moyo.

Lakini kwanza walikosea. Mwaka 1987 waliipata meli iliyozama, wakainua kipande cha makaa ya mawe, wakakiwahisha mahakamani Norfolk kama ushahidi kwamba wamefika. Meli za washindani zilikuwa tayari zinanusa eneo lile, na jaji akaziamuru zikae mbali. Baadaye wakagundua kwamba meli waliyoipata siyo! Wakarudi kwenye ramani na picha za sona, wakachagua alama nyingine. Tarehe 11 Septemba 1988 roboti yao, mtambo wa tani sita hivi walioupa jina Nemo, ilishuka. Kwenye kioo kikatokea kitu cha duara kilicholala kwenye matope. Lilikuwa gurudumu la makasia. Kengele ya meli nayo ikaonekana.

Halafu wakaiona dhahabu. Mbao zilizoishikilia zilikuwa zimeliwa na wadudu wa baharini, na vilivyobaki ni sarafu na vipande vya dhahabu vimerundikana kama tofali kwenye eneo la ujenzi. Dhahabu haishiki kutu, kwa hiyo nyingi iling'aa kama iliyowekwa jana.

Sasa, utaichukuaje sarafu ya mwaka 1857 kwa mkono wa chuma bila kuikwaruza? Mkwaruzo mmoja ungeweza kushusha bei yake vibaya. Walichofanya ni kuweka fremu juu ya rundo la sarafu na kumimina silikoni ya majimaji. Ikiganda inakuwa kama jeli ngumu, sarafu zimo ndani kama zabibu kavu kwenye keki. Mkono wa roboti unalibeba bonge zima. Juu melini wanalimenya taratibu. Oktoba 1989 meli yao, Arctic Discoverer, iliingia bandari ya Norfolk na dhahabu.

Hapo ndipo tunarudi kwa jaji. Sheria ya zamani ya bahari ilitaka anayedai mabaki ya meli awe ameyashika. Apige mbizi, afunge kamba, aweke boya. Jaji Richard Kellam alisema mambo manne yanatosha. Uwe umekipata kitu, uwe unakiona kwa picha za papo hapo, uwe na mikono ya roboti karibu nacho au uwezo wa kuifikisha, na uwe na nia ya kukidhibiti. Wanasheria wakaupa jina ambalo nitalitafsiri kama umiliki wa mbali. Ndugu msomaji, hebu litafakari hilo kidogo. Tangu siku ile, mwenye roboti na kamera alikuwa na mkono mrefu kisheria, na asiye nayo mkono wake uliishia mita 40.

Mambo hayakuishia hapo. Kampuni za bima 39 zilijitokeza kudai kwamba dhahabu ni yao, kwa kuwa wao au watangulizi wao walilipa fidia mwaka 1857. Kellam aliwanyima kwanza. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikasema walikuwa hawajaitelekeza mali yao, kwa hiyo Thompson na wenzake ni waokoaji wa mali na si waokotaji. Baada ya mabishano ya miaka, waokoaji walipewa takriban asilimia 90, bima zikagawana kilichobaki. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya dhahabu iliuzwa kwa kampuni ya California kwa kama dola milioni 50. Kipande kimoja kikubwa kuliko vyote, chenye uzito wa karibu kilo 29, kikauzwa mwaka uliofuata kwa dola milioni 8.

Na wale wawekezaji 161? Walisema hawakuona hata senti. Mwaka 2005 kesi zikaanza. Mwaka 2012 Thompson hakutokea mahakamani, akatoweka. Januari 2015 alikamatwa hotelini huko Boca Raton, Florida. Akakiri kosa la kudharau mahakama, akahukumiwa miaka miwili. Lakini kabla hajaanza kuitumikia akaulizwa zilipo sarafu 500 za dhahabu zilizotokana na hazina ile. Alishikilia kwamba hajui ziko wapi. Jaji akasema basi utakaa ndani mpaka useme, na kila siku faini dola 1,000. Akakaa karibu miaka tisa. Mwaka 2025 jaji huyo huyo aliona kwamba kuendelea kumshikilia hakutamfanya aseme, ndipo kifungo chake cha miaka miwili kikaanza kuhesabiwa.

Mtu aliyeweza kujua sarafu ilipo kwenye kilometa mbili za giza, akashindwa kusema zilipo sarafu 500 za nchi kavu. Wahenga walikuwa na maneno mengi kuhusu mali, sina haja ya kuongeza langu.

Mwaka 2014 kampuni ya Odyssey Marine Exploration ilirudi na roboti iitwayo Zeus, ikainua sarafu zaidi ya 15,500 na vipande vingine vya dhahabu 45. Lakini sasa nataka kusema habari za vitu visivyo dhahabu.

Mwaka 1990 liliinuliwa sanduku la nguo la Ansel na Adeline Easton, maharusi waliokuwa kwenye fungate yao. Adeline alivushwa kwenda Marine. Ansel alibaki, akazama na meli, akaibuka, akaokolewa na Ellen. Wote waliishi na kukutana tena. Sanduku lao lilikaa chini miaka zaidi ya 130, na mashati yalikuwa bado yamo ndani. Kisha kuna picha ya kale, ya zile zilizopigwa kwenye bamba la chuma, ya msichana aliyevaa vizuri, mabega wazi, anatazama kamera. Ilikutwa kwenye rundo la makaa ya mawe. Hakuna anayejua jina lake. Iliuzwa mnadani mwaka 2023 kwa zaidi ya dola 73,000. Labda kuna mwanaume aliyekuwa akienda kwake. Labda alikuwemo yeye mwenyewe. Ukiitazama picha ile unasahau dhahabu yote.

Na hapa ndipo nafika kwenye jambo nililoahidi. Katika kisa chote hiki waliofikiwa walikuwa na mtu wa kuwadai. Dhahabu ilidaiwa na wawekezaji 161 na kampuni za bima 39. Watu 425 hawakuwa na mdai, na hakuna meli iliyokodiwa kwa ajili yao. Unaweza kusema ni wa zamani sana, baada ya miaka 131 baharini kitu gani kingebaki? Sawa. Nakubali. Basi tuchukue watu wa juzi.

Tarehe 1 Juni 2009 ndege ya Air France namba 447, ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, ilianguka Atlantiki na watu 228. Mabaki yalikuwa kwenye kina cha mita 3,900 hivi, karibu mara mbili ya Central America. Walitafuta kwa miaka miwili. Aprili 2011 wakaipata, kwa vyombo vinavyojiendesha na ramani ya uwezekano iliyochorwa kwa hisabati ile ile iliyotumika kuisaka Central America, na kampuni ya Stone ikihusika. Roboti ya kebo ikainua visanduku vya kurekodia safari. Kisha ikainua maiti 104. Zilitambuliwa na kukabidhiwa kwa wenyewe.

Miezi michache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilikuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba. Meli iliyoruhusiwa kubeba abiria wapatao 600 ilibeba mara kadhaa ya idadi hiyo. Ilizama katika mkondo wa Nungwi. Waliokolewa mamia, maiti zilizopatikana zilikuwa 203, na tume ya uchunguzi ilikuja kusema waliopotea walizidi elfu moja. Elfu moja, wasomaji wangu. Zaidi ya mara mbili ya waliokufa Central America. Wapiga mbizi waliletwa kutoka Afrika Kusini. Mkondo mkali na kina vikawashinda. Msako ukafungwa.

Sitaki nieleweke vibaya. Roboti isingemwokoa mtu, saa za kuokoa zilikuwa zimepita. Mkondo wa Nungwi ungeisumbua roboti pia, na kukodi meli yenye mtambo huo ni gharama kubwa. Wala sisemi nani alaumiwe kwa hilo, maana lawama za ajali ile zina mlango wake mwingine. Ninachosema ni kwamba mwaka ule mashine ilikuwepo duniani, imeshafika mara kumi ya kina kinachohitajika, imeshabeba maiti kwa heshima kutoka mahali pabaya zaidi. Hata bahari yetu ilikuwa haiko nje ya ramani yake. Mwaka mmoja kabla, 2010, visima vya kwanza vya gesi ya maji ya kina vilichimbwa kusini mwa pwani ya Tanzania, kwenye kina cha zaidi ya mita 1,000, na uchimbaji wa kina kile haufanyiki bila roboti. Gesi ilikuwa na mdai. Waliolala Nungwi walikuwa na wadai pia, ila wadai wao walikuwa akina mama waliosimama ufukweni na majina midomoni.

Kuzika si jambo dogo kwetu. Ipo sala ya ghaibu kwa maiti asiyekuwepo, na ni rehema kuwa ipo. Lakini muulize aliyempoteza mtu baharini kama hajawahi kugeuka barabarani aliposikia sauti inayofanana. Mwenye kaburi analo la kupalilia.

Dunia imejaribu kuweka utaratibu. Mwaka 2001 UNESCO ilipitisha mkataba wa kulinda urithi ulio chini ya maji, ulioanza kutumika 2009, unaosema mabaki ya zaidi ya miaka 100 yasifanywe bidhaa ya biashara. Na mwaka 2022, meli ya mpelelezi Shackleton, Endurance, ilipopatikana Antaktika kwenye kina cha mita 3,008, roboti ilipiga picha tu na haikugusa hata kijiko. Kwa hiyo mashine hizi zinaweza kutumwa kwa sababu nyingine zaidi ya mali. Inategemea nani anazituma na anataka nini.

Kengele ya Central America ilikabidhiwa kwa chuo cha jeshi la majini la Marekani huko Annapolis mwaka 2022, kwenye mnara wa kumbukumbu ya nahodha Herndon. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huupanda mnara huo kila mwaka, ukiwa umepakwa mafuta ili uteleze. Herndon ana mnara, ana mji wenye jina lake Virginia, na sasa ana kengele. Anastahili, maana alibaki melini hadi mwisho.

Jaji Kellam alisema kuona na kuwa na uwezo wa kufikia ni sawa na kushika. Nadhani alisema kweli kuliko alivyokusudia. Ukishaweza kufikia kilindini, huwezi tena kusema kwamba kilichoko huko kiko mbali na mikono yako. Pale Nungwi, boti za Pemba zinapita juu yao kila siku.